Barua ya Wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Usalama Kazini: Kisu Butu Kisiitwe Uzembe

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu,

Mimi ni mkataji wa nyama kiwandani, na kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki tena. Siku niliyoumia, kisu kilikuwa kimeisha makali tangu asubuhi, na kwa kuwa kinoo tuliruhusiwa kukitumia wakati wa mapumziko tu, niliongeza nguvu. Kisu kikateleza juu ya mfupa na kuishia kwenye mkono ulioshika nyama. Jeraha lilikuwa dogo, hata damu haikuwa nyingi, lakini kano ilikuwa imekatika. Katika daftari la ajali liliandikwa neno moja: uzembe.

Neno hilo ndilo ninalokuomba ulichunguze. Kisu chenye makali hukata kwa kuvutwa tu, ilhali kisu butu hudai kusukumwa, na nyama inapoachia ghafla, nguvu yote ile humrudia mkataji. Kila mkataji analijua hili. Wakaguzi waliofika kwetu, nasikitika kusema, walihesabu glavu wakaondoka. Glavu ya nyavu za chuma huulinda sana mkono unaoshika, sikatai, ila haiupunguzii kazi mkono unaokata.

Na huo unaokata haumo kabisa madaftarini. Ndani ya kifundo cha mkono, kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu hupita katika njia moja nyembamba. Mtu anaposukuma kisu zamu nzima huku kifundo kimepinda, ala zinazozifunika kano hizo huvimba na kuubana mshipa. Huanza kwa ganzi ya usiku, kwenye gumba na vidole vya jirani yake, mtu akaamka akikung'uta mkono kama anayekausha maji. Baadaye hushindwa kufunga kifungo cha shati. Shirika la Kazi Duniani limeuweka ugonjwa huu katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi tangu mwaka 2010, lakini kwa kuwa hauna damu wala siku ya tukio, kwetu hauandikwi.

Ninaomba uagize muda wa kunoa uhesabiwe kuwa ni kazi na ulipwe, ganzi ya mkono iandikishwe kama jeraha, na fomu ya ajali iulize kisu kilinolewa lini. Nilipomwuliza msimamizi wetu kwa nini swali hilo halimo, alinijibu kwamba fomu hutoka ofisini kwako.

Wako mtiifu,
Mkataji wa nyama