Kijana mwenye mvi asikimbilie kanta kabla ya saa 48

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie vijana na mvi. Siku hizi kwenye saluni za kiume, kuanzia Sinza na Manzese hadi Mbagala, si ajabu kumkuta kijana wa miaka 23 amekaa kitini na kabla mashine haijawashwa ameshamnong'oneza kinyozi: "Ukimaliza, niwekee na kanta kidogo." Kinyozi anachukua kifuniko cha chupa chenye uji mweusi wa hiyo kanta, yaani rangi nyeusi ya nywele, uliokorogwa tangu asubuhi, anachovya mswaki wa zamani, anaanza kusugua juu ya masikio na kwenye ndevu, palepale wembe ulipopita dakika mbili nyuma. Tatizo letu liko kwenye huo mswaki. Mvi zenyewe zina lawama ndogo sana.

Kwa Mwafrika, madaktari huziita mvi za mapema zikianza kabla ya miaka 30. Kwa watu wa Asia ni kabla ya 25, kwa Wazungu kabla ya 20. Mara nyingi chanzo ni ukoo. Waulize wazazi, shangazi na wajomba walianza lini, jibu utalipata hapohapo sebuleni. Unywele hupata weusi wake ukiwa bado ndani ya ngozi, kutoka kwa seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Seli hizo zikiisha, unywele unaofuata hutoka mweupe. Ukishachomoza nje hauna uhai tena, kwa hiyo maji ya kitunguu, habasoda na mafuta ya nazi haviwezi kuurudishia rangi. Nazi itaulainisha na kuung'arisha, basi. Kung'oa nako hakuzidishi mvi kama wengi wanavyoamini, lakini shina likiumizwa mara kwa mara huacha kuotesha kabisa, na kipara hakipakwi kanta.

Kwamba mawazo huleta mvi si porojo tupu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwa panya kuwa msongo huamsha neva zinazomaliza akiba ya seli za rangi. Ila habari za mtu kulala na kichwa cheusi akaamka na cheupe tuziache kwenye hadithi: nywele nyeusi zinaweza kunyonyoka kwa kasi, zikabaki nyeupe zilizokuwapo tangu awali.

Nani basi aende kupima? Mwenye mvi zilizotapakaa ghafla bila historia ya ukoo, hasa kama anachoka ovyo, anapata ganzi miguuni au ulimi unamuuma na umekuwa laini kama ulioparuzwa. Hizo ni dalili za upungufu wa vitamini B12. Wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa wako kwenye hatari, na pia wanaotumia metformini ya kisukari au omeprazo ya tumbo kwa miaka. Mwenye uvimbe shingoni, moyo unaokwenda mbio au baridi isiyoisha apimwe homoni za tezi ya shingo. Mvi zilizojikusanya sehemu moja hivi karibuni zinataka ngozi iangaliwe kama kuna mbalanga, yaani ngozi kupoteza rangi kwa mabaka. Vipimo vya kuanzia ni picha kamili ya damu, kiwango cha B12 na TSH, homoni inayoonyesha hali ya tezi ya shingo. Na hapa kuna jambo wengi hawaambiwi: vidonge vya bayotini vinavyouzwa kama "vya nywele na kucha" huvuruga majibu ya vipimo vya tezi. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na mwambie mhudumu wa maabara kuwa ulikuwa unavitumia. Sigara nayo inahusishwa na mvi za mapema. Anayevuta anajua la kufanya.

Sasa kanta. Weusi wake hutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ndiyo hiyohiyo inayochanganywa kwenye piko jeusi la kuchorea maharusi. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele inapopakwa, na hauiruhusu kabisa kuchorea ngozi. Mwili hauikatai siku ya kwanza. Mtu anaweza kupaka mara tano bila neno, ya sita akaamka macho yameziba kwa uvimbe na kichwa kinatoa maji. Msichana aliyewashwa na piko la harusi akiwa na miaka 15 anaweza kuja kudhurika vibaya na rangi ya nywele akiwa na 28, kwa sababu mwili ukishaichukia PPD hausahau. Ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo isiyoonekana, na dawa huingia kwa urahisi zaidi. Mswaki mmoja kwa wateja kumi ni balaa la pili: virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi.

Anayetaka kupaka apake, hatumkatazi mtu. Lakini akoroge kidogo kwa vipimo vilevile vya siku yenyewe, apake tone lisilozidi ukubwa wa sarafu nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko, aliache saa 48. Pakiwasha, pakivimba au pakitoa malengelenge, pakiti hiyo si yake, na nyingine yenye PPD pia si yake. Jaribio lirudiwe kila anapobadili aina. Anyoe siku mbili tatu kabla, si siku hiyohiyo.

Kwa rangi za krimu, mvi zinataka peroksaidi (dawa inayochanganywa na rangi) ya asilimia 6, ambayo chupa yake huandikwa namba 20. Ile ya asilimia 12 huunguza ngozi bila kufunika mvi vizuri zaidi. Krimu nyingi huchanganywa sawa kwa sawa, mililita 30 kwa 30 kwa nywele fupi, ila karatasi ya ndani ndiyo yenye neno la mwisho. Tumia bakuli la plastiki, si la bati. Paka mafuta mazito kwenye paji la uso na masikio, vaa glavu, anzia penye mvi nyingi, kaa chini ya feni maana kwa joto la Dar jasho huishusha rangi hadi machoni. Nyusi na kope zisiguswe kabisa. Mabaki yamwagwe; ukiyafungia kwenye chupa hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Aliyeweka dawa ya kulainisha nywele asubiri wiki mbili.

Hina ni njia nyingine, mradi iwe hina kweli. Unga wake ni wa kijani, unanuka kama majani makavu, unakaa kichwani saa mbili hadi nne na mvi hutoka rangi ya chungwa au kahawia. Ukiuziwa "hina" inayotoa weusi tii ndani ya nusu saa, umeuziwa PPD yenye jina jingine.

Ombi letu kwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), waliokabidhiwa usimamizi wa vipodozi tangu 2019, ni maelezo ya Kiswahili kwenye kila pakiti ya kanta inayouzwa Kariakoo, saa 48 zikiandikwa kwa herufi kubwa. Maofisa afya wa manispaa nao, wakipita kukagua saluni, waombe kuonyeshwa kile kifuniko na ule mswaki.

Na anayejua Jumamosi ana harusi, tone la majaribio alipake Jumatano mchana. Likimletea shida, mpaka Ijumaa bado ana muda wa kumwambia kinyozi ampunguze nywele ziwe fupi sana, mvi zisionekane kirahisi.

Msusi na mfamasia,
Sinza, Dar es Salaam