Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Dodoma wenye gari la kwanza

Wanangu, mbukwenyi.

Jumapili nilikaa kibarazani Nzuguni, msafara wa harusi ukapita. Gari moja, linang'aa bado, baba yuko kwenye usukani, mama kando yake, na mtoto wa mwaka hivi kasimamishwa mapajani, viganja juu ya dashibodi, anacheza muziki. Mkanda wa mama umefungwa, ila umepitishwa nyuma ya mgongo. Chai yangu ikapoa nikiwaangalia.

Najua kwa nini umepitishwa huko: kuinyamazisha kengele. Gari linawaonya, ninyi mnalihonga. Wengine wananunua kabisa kile kichuma cha kuchomeka kwenye kifungio, na wapo wanaokiuza mchana kweupe.

Sikilizeni. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta na kujikunja nusu mita, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu ya kilo 200 hivi. Mama gani ana mikono ya kushika magunia mawili ya mahindi? Na eabegi, ule mfuko wa hewa uliofichwa kwenye dashibodi, inafumuka kabla hujapepesa kope. Imetengenezewa mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali nayo kidogo. Mtoto wa mapajani anakuwa katikati, mama nyuma, eabegi mbele. Mtoto akae kiti cha nyuma, kwenye kiti chake, na mchanga ageuzwe aangalie nyuma ya gari. Kiti hicho cha kugeuzwa kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Mama mjamzito naye afunge mkanda: wa chini upite chini ya tumbo, kwenye nyonga, wa juu katikati ya matiti, kando ya tumbo. Msimwambie aache, mnamponza.

Na taa ya eabegi ikiwaka haizimiki, tafuteni tatizo. Fundi anayewachomolea balbu ili "isiwasumbue" amewaibia, hata kama hakudai hela.

Lawama si zenu peke yenu. Sisi wazee tunakaa kwenye kamati, tunachangia sendofu, ukumbi na keki ya ghorofa. Sijasikia kamati iliyowanunulia maharusi kiti cha mtoto cha gari. Trafiki naye anachungulia mbele, nyuma watoto wanarukaruka, anapunga mkono, gari linapita.

Mengine kwa kifupi. Mtoto asiachwe garini juani, hata dakika chache, hata kioo kikiwa wazi kidogo. Milango ya nyuma ina kitufe cha kuzuia mtoto asifungue kwa ndani, kitumieni. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, hata mkiwa mmekwama Mtera. Hazadi, yaani taa za dharura, si taa ya kusema "naenda moja kwa moja" kwenye makutano. Upepo wa tairi upimwe likiwa baridi. Kipimo kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tairi za mtumba someni tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata za tairi, yaani meno yake, zikiwa bado ndefu, hiyo haiondoi uzee wake.

Bibi akisema, "Nipe mjukuu wangu nimpakate," mjibuni kwa adabu kwamba atampakata mkifika. Akinuna, mleteni kwangu nimseme mimi.

Mzee wenu, Nzuguni