Mhariri, hospitali zetu ziandikishwe Hinari madaktari tusome majarida ya tiba

Mheshimiwa Mhariri, asalaam alaykum,

Naomba nafasi kidogo nisemee jambo linalotuuma sie tunaotibu watu huku Pemba. Daktari akishatoka chuo, tiba haimsubiri, kila mwaka miongozo inabadilika, na habari mpya wengi wetu saivi tunazipata kwenye magurupu ya WhatsApp. Mtu anarusha picha ya ukurasa mmoja, jina la jarida hakuna, mwaka hakuna, dozi imekatwa katikati, ukiuliza imetoka wapi kila mtu kaletewa na mwenzake. Sasa dozi ya mtoto wa kilo nane utaitoa kwa picha kama hio?

Angalia suala la kasa. Machi 2024 Kisiwa Panza walifariki watu 9, watoto 8 na mtu mzima mmoja, na 78 wakalazwa baada ya kula nyama ya kasa, na Novemba 2021 Pemba hii hii walishakufa watu 7 kwa jambo hilo hilo. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa, na dawa yake maalum hakuna, unamsaidia mgonjwa tu kwa maji, unalinda njia ya hewa, unamuangalia saa kwa saa. Na zimeshaandikwa kesi za watoto wachanga walioipata kwa maziwa ya mama, kwa hio ukimpokea mama uliza na mtoto anaemnyonyesha yuko wapi na hali yake vipi. Mambo haya kwenye vitabu tulivyosomea ni shida kuyakuta, yamo kwenye majarida, na daktari wa zamu saa nane usiku akiyatafuta kwa simu yake na bando lake anaona muhtasari tu, akibonyeza asome makala nzima anaambiwa alipie dola thelathini na kitu, hapo anagonga mwamba na mgonjwa yuko kitandani.

Na njia ipo jamani! Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha Hinari tangu 2002, ili nchi kama zetu zisome majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, na Tanzania imo kwenye kundi la bure. Lakini anaeandikishwa ni taasisi, mie kama mie siwezi kujisajili, lazima hospitali iombe alafu iwagaie wafanyakazi wake neno la siri. Ninapofanyia kazi nimeuliza utawala, nimeuliza watu wa takwimu, kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake. Sioni kama kuna mtu mbaya hapo, kazi hio haijapewa mtu basi.

Vya bure kwa kila mtu navyo vipo, wenzangu vitumieni. PubMed Central, maktaba ya tiba ya mtandaoni, ina makala kamili, Cochrane wanakusanya tafiti nyingi za suala moja na kuzipima, na miongozo ya MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, ina programu ya simu ambayo ukishaishusha inafanya kazi hata neti ikikata, na visiwani kwetu neti inakata sana. Medscape, tovuti ya habari za tiba, nayo ni bure ukijisajili ila imeandikwa kwa jicho la Marekani, dawa nyengine kwetu hazipo kabisa, kwa hio lazima ulinganishe na mwongozo wa Wizara.

Kuna utafiti uliotoka 2023 wa mama anaetoka damu baada ya kujifungua, umefanywa kwenye hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Damu inakingwa kwenye mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, haikisiwi kwa macho, na ikifika kiwango matibabu yote yanatolewa kwa pamoja, hayasubiriani. Madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Mkunga wa Micheweni anatakiwa aisome habari hio wiki ile ile inayotoka, sio mpaka siku aitwe semina.

Kwa hio naiomba Wizara ya Afya, kila hospitali ya Unguja na Pemba iwe na mtu mmoja anaejulikana kwa jina, kazi yake kuiandikisha Hinari na kuhakikisha usajili haukatiki, na neno la siri wapewe wote, madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga, lisifungiwe kwenye droo ya ofisi.

Daktari,
Chake Chake, Pemba