Sifuri ya Mayweather hainitishi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua. Ama baada ya salamu, yale maneno uliyotamba nayo harusini nimeona nisikuachie hivihivi. Siku ile tarumbeta zilikuokoa, kila nikifungua mdomo zinapulizwa. Kwenye karatasi hakuna tarumbeta.

Hoja yako nzima ni hesabu: mapambano 50, kupoteza 0, basi Floyd Mayweather ndiye bondia mkubwa kuliko wote. Kila jina nililotaja uliuliza kapigwa mara ngapi, ukacheka.

Mayweather fundi, hilo silibishi. Namna alivyomchezea Canelo Álvarez mwaka 2013, kijana wa watu akabaki anapiga hewa raundi kwa raundi, yule ni mtu anayeijua kazi yake. Lakini sifuri nayo ina namna ya kulindwa. Mazungumzo ya kupigana na Manny Pacquiao yalianza 2009. Pambano lenyewe likaja 2 Mei 2015, mmoja ana miaka 38, mwenzake 36, na Pacquiao keshalazwa kifudifudi na bondia wa Mexico, Juan Manuel Márquez. Tena hilo pambano la 50 unalolitaja kwa sauti ni la Conor McGregor, mpiganaji wa mchezo mchanganyiko wa ngumi na mateke, ambaye hakuwa amepanda ulingoni hata siku moja kwenye ngumi za kulipwa. Likiondoka hilo zinabaki 49, sawasawa na Rocky Marciano, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, naye aliondoka bila kupigwa tangu 1956. Mbona yeye hukumtaja?

Wangu mimi ni Sugar Ray Robinson, na sibanduki.

Alishinda mapambano 40 ya mwanzo, hakuna wa kumgusa. Tarehe 5 Februari 1943, mjini Detroit, akakutana na Jake LaMotta, jamaa aliyemzidi kilo 7 hivi. Raundi ya nane LaMotta akamtupa nje ya kamba, kengele ikamwokoa, na mwisho akapoteza kwa pointi. Sasa sikiliza. Tarehe 19 mwezi huohuo Robinson akapigana na mtu mwingine, akashinda. Tarehe 26 akarudi Detroit kwa LaMotta yuleyule, uzito uleule wa kumzidi, akamshinda. Wiki tatu tu! Bondia wako wa leo akipoteza, wiki tatu anazimaliza akibishana na majaji. Wale wawili walipigana mara sita, Robinson akachukua tano, na ya mwisho, Februari 1951 Chicago, refa alisimamisha raundi ya 13. LaMotta alikuwa kaegemea kamba, anapokea ngumi tu, hataki kuanguka, na mkanda wa uzito wa kati ukahama.

Tangu alipopoteza kwa LaMotta 1943 hakupigwa tena hadi Julai 1951, London, alipokutana na Randy Turpin. Katikati hapo yamepita mapambano zaidi ya 80. Yaani sifuri yako ya Mayweather, maisha yake yote ya ulingoni, ingetoshea humo na nafasi ikabaki. Na kwa Turpin alirudi baada ya miezi miwili, jicho linavuja damu, akammaliza raundi ya kumi.

Najua utakachosema: miaka yake bora, alipokuwa uzito wa welta (mwepesi kuliko wa kati), picha zake za video ni chache mno, namsifu mtu nisiyemwona. Haya, basi tumwangalie mzee. Tafuta pambano la 1 Mei 1957 na Gene Fullmer, raundi ya tano. Robinson zimebaki siku mbili atimize miaka 36, na Januari mwaka huo Fullmer alikuwa kamnyang'anya mkanda. Angalia miguu yake: anarudi nyuma, na mtu anayerudi nyuma kwa kawaida ngumi yake haina uzito. Hapo hapo unatoka mkono wa kushoto, mfupi, wa kuzungusha, unatua kidevuni. Fullmer, mtu ambaye hakuwahi kuangushwa akashindwa kuinuka, anakwenda chini, anahangaika kuinuka, mwili haumsikilizi. Irudie polepole uone kwamba Robinson hakuwa hata na haraka. Hapo ni mzee, eti.

Umemtaja pia mwaka 1952, aliposhindwa na Joey Maxim. Ndiyo, alipanda kumfuata bingwa wa uzito wa juu yake, pale Yankee Stadium, usiku wa joto la karibu nyuzi 40. Joto lile lilimwangusha refa kwanza. Baada ya raundi ya kumi ikabidi aletwe refa mwingine. Robinson alikuwa anaongoza kwa pointi, akashindwa kutoka kwenye kona raundi ya 14. Katika mapambano karibu 200, hiyo ndiyo mara pekee hakumaliza. Wewe unaiita doa. Mimi naona mtu aliyekwenda kutafuta shida wakati angeweza kukaa nyumbani na mkanda wake.

Baba mkwe wako yeye ni Muhammad Ali, na kwake sina ugomvi mkubwa. Ile asubuhi ya Kinshasa, 30 Oktoba 1974, kujilaza kwenye kamba raundi kadhaa mpaka George Foreman akachoka mwenyewe, kisha kumwangusha ya nane, yule ni jasiri mwenye akili. Na kukataa jeshi, akanyang'anywa mkanda, miaka mitatu na zaidi bila kupigana, nani mwingine angekubali? Ila mzee anachanganya ukubwa wa mtu na ukubwa wa bondia. Ali mwenyewe alikuwa akimtukuza Robinson. (Mkumbushe pia 1980, Ali alipotumwa na Rais Carter wa Marekani kuja Dar kutushawishi tugomee Olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa hata kumwona. Tukaenda, na wakimbiaji wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha. Atakasirika, lakini mkumbushe.)

Basi kazi yako ni moja. Nitajie pambano moja tu ambalo Mayweather alikwenda akijua anaweza kupoteza, na mwaka wake. Usiniletee mapambano na Castillo ya 2002, lile la kwanza wengi mpaka leo wanasema Mayweather alibebwa na majaji. Ukilipata, tuma barua kwa basi lilelile, na zile kanzu za watoto usizisahau.

Ndimi mwenzio, mbishi kama unavyonijua.