Ndege nazo zililelewa na posta

Mhariri,

Kila bajeti ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, inapofika kwenye Bunge la Marekani, husikika madai yaleyale: treni za abiria zinakula ruzuku, ndege zinajitegemea. Wanaosema hivyo wamesahau barua.

Sheria ya Kelly ya mwaka 1925 ilikabidhi barua za anga kwa kampuni binafsi. Abiria walikuwa wachache mno. Fedha za posta ndizo zilizorusha ndege. Ikaja sheria ya Watres, 1930, na kampuni zikaanza kulipwa kwa nafasi iliyotengwa ndani ya ndege, hadi dola 1.25 kwa maili, hata kama mifuko ya barua haikuijaza. Hilo lilikusudiwa. Walter Folger Brown, waziri wa posta wa wakati huo, alitaka kampuni zinunue ndege kubwa na zibebe watu. Ruzuku hiyo iliyojificha ndani ya malipo ya barua ilitenganishwa nayo mwaka 1953 tu.

Reli nazo zililipwa, sikatai, lakini kwa kazi iliyoonekana. Ndani ya behewa la posta makarani walichambua barua usiku kucha treni ikiwa mwendoni. Ilipopita kituo kidogo bila kusimama, karani alitoa mkono wa chuma mlangoni, ukanyakua mfuko uliotundikwa kando ya reli, naye kwa mguu akausukuma nje mfuko wa kushushwa. Fedha za kazi hiyo zilizibeba treni nyingi ambazo nauli pekee isingezitosha.

Septemba 1967 posta ikahamishia barua nyingi kwenye ndege na malori. Mwezi uliofuata kampuni ya reli ya Santa Fe ikatangaza nia ya kuondoa treni zake nyingi za abiria. Ni kweli magari binafsi yalikwisha kuwapunguza abiria, ila barua ndizo zilizokuwa zikizuia treni hizo zisifutwe. Mei 1971 Amtrak ikarithi kilichosalia.

Leo mkataba mkubwa wa anga wa posta uko kwa UPS, kampuni ya vifurushi isiyobeba abiria, kwa hiyo kwa suala la barua siyalaumu mashirika ya ndege ya sasa. Nawalaumu wanaoanza hesabu mwaka 1971. Mtakapoandika tena gharama za Amtrak, naomba mziweke pamoja na fedha za barua zilizolea ndege, na ruzuku ambayo serikali imekuwa ikitoa tangu 1978 ili ndege zifike miji midogo.

Msomaji wenu,
Chicago