Tuulize kwanza kama ganda la korosho limepita motoni

Ndugu Mhariri,

Hapa Mtwara kila msimu wa korosho husikika kwamba mafuta ya maganda yanaua bakteria na yanaweza kuzaa dawa mpya. Ni kweli kwa sehemu, ila inategemea ganda limepita motoni au la.

Ganda bichi likikamuliwa bila moto, zaidi ya nusu ya mafuta yake ni asidi ya anakadiki, yaani asidi ya salisiliki iliyoota mkia wa kaboni 15. Likikaangwa, kikundi cha kaboksili, yaani sehemu ya molekuli inayoifanya iwe asidi, hung'oka na kutoka kama kaboni dioksidi, ikabaki kadanoli, ambayo hutumika kwenye rangi na breki za magari. Dhidi ya stafilokokasi, bakteria wa majipu na vidonda, kadanoli ni dhaifu. Ukipima mafuta ya ganda la kukaangwa, basi umepima kitu kingine kabisa.

Mkia nao una kazi. Mkia wenye vifungo maradufu vitatu, yaani sehemu ambazo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, hupinda, hulainika na kupenya utando wa bakteria. Usio na kifungo maradufu hata kimoja hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Lakini mkia huo mnyoofu ukifupishwa hadi kaboni 10 au 12, nguvu hurudi. Hapo ndipo mbunifu wa dawa aanzie. E. koli, bakteria wa utumbo, haiguswi sana, kwa kuwa utando wake wa nje huzuia.

Kutenga asidi ya anakadiki si kazi ngumu: gramu 100 za mafuta ya ganda bichi katika methanoli, gramu 50 za haidroksidi ya kalsiamu kidogo kidogo, nyuzi 50 kwa saa 3. Chumvi ya kalsiamu hujitenga, uichuje, kisha asidi ya hidrokloriki huirudisha kuwa asidi ya anakadiki.

Wengi hukosea kwenye upimaji. Mafuta hayasambai kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kwa hiyo duara dogo lisilo na bakteria kuzunguka kidonge cha karatasi kilicholowekwa mafuta si ushahidi wa udhaifu. Tumia mirija ya mchuzi wa kulishia bakteria, ukipunguza dozi nusu kwa nusu, nyuzi 37, saa 18 hadi 24. DMSO, kiyeyusho cha kuchanganyia mafuta na mchuzi, isizidi asilimia 1, na mrija mmoja wa bakteria utiwe DMSO bila mafuta, kwa kulinganisha. Mchuzi ukipoteza uangavu, usikimbilie kusema bakteria wameota. Huenda ni matone ya mafuta. Pandikiza kwenye sahani ya agari uhakikishe.

Nawasihi wasomaji, msipake mafuta haya kidondani. Wabanguaji wanajua yanavyobabua mikono.

Na kila chupa inayopelekwa maabara iandikwe: ganda bichi au la kukaangwa, na joto lilifika nyuzi ngapi.

Mkemia,
Mikindani, Mtwara