Kaka mwenye mita, asante

Sikukuuliza jina, na hilo linaniuma. Ulinikuta nimejikunja chini ya usukani, kompyuta mapajani, taa ya injini inawaka na gari linatetemeka kama lina homa. Kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu za injini, nilichochomeka kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, hakikuwasha hata kataa kamoja. Nilishaamua ni feki.

Hukuniambia ninunue kingine. Ulitoa mita ya kupimia umeme, ukagusa pini ya 16 (chanya ya betri) na ya 4 (hasi), ikasoma sifuri. "Umeme haufiki hapa," ukasema, ukaenda moja kwa moja kwenye fyuzi ya kiberiti cha gari. Uzi wake umekatika. Kumbe kwenye gari langu soketi ile na kiberiti hula sahani moja, fyuzi ni hiyohiyo! Ukaweka nyingine ya ampea zilezile, kataa kakawaka.

Kompyuta nayo ikagoma. Ukagundua programu inatafuta kifaa kwenye mlango wa COM3 wa kompyuta ilhali kimekaa COM5, ukarekebisha, na kasi ya mawasiliano ukaiweka 38400. Msimbo ukatoka: P0302, silinda ya 2 haichomi sawasawa. Mimi ningekimbilia dukani. Wewe ulizima injini, ukabadilishanisha koili (kile kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya 2 na ya 3, ukafuta msimbo, ukaniambia niwashe. Ikaja P0303: ubovu umeifuata koili hadi silinda ya 3. Hapo nikaamini ni koili.

Malipo ulikataa, ulitaka tu nishike mita nipime mwenyewe. Nilipima.

Wenzangu mnaotembea na mita garini, mkimwona mtu amejikunja hivyo, simameni kidogo. Ile fyuzi iliyokatika bado ninayo.